Mbega Ana Jina, Nyanya Hana

Mei 2024, maji yakiwa bado yamekalia mashamba mengi ya Tana Delta, kijana mmoja alinipigia simu jioni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia na sasa ana orodha ya mambo ya kufanya. Nyanya yake amefariki. Mazishi ni keshokutwa.

"Kaka, wewe si ulimpiga nyanya picha? Zile za mafuriko. Tunataka moja ya kuweka juu ya jeneza."

Nikamwambia anipe dakika kumi. Nikafungua kompyuta. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoufurisha mto, shirika moja lilinikodisha siku tatu nizunguke vijiji vya karibu na Garsen kwa mtumbwi. Nilirudi na picha 1,140. Nyanya yule yumo kwenye saba. Katika tatu unaona mgongo. Katika mbili, mkono ulioshika sufuria kichwani umemkata uso. Katika moja amefumba macho. Ya saba ndiyo iliyochaguliwa, ikapelekwa kwenye jalada la ripoti na kwenye bango: yuko ndani ya maji hadi kiunoni, kanga imelowa na kumganda mwilini, mdomo wazi, mkono umenyooshwa kuufuata mtumbwi. Ni picha kali. Nilisifiwa kwa ajili yake. Nililipwa pia.

Hebu nikuulize: wewe ungeiweka juu ya jeneza la nyanya yako?

Familia iliishia kukuza picha ya kitambulisho. Picha ya ukubwa wa kucha, ikavutwa mpaka uso ukageuka madoadoa ya kijivu. Mwanamke aliyelima mpunga na maembe maisha yake yote, akazaa, akazika, akaimba kwaya, akaagwa mbele ya madoadoa. Na mimi, mpiga picha wa kwao, niliyekuwa naye mara saba kwenye diski, sikuwa na picha hata moja ya kuwapa.

Kwa hivyo makala hii ni ugomvi. Nagombana kwanza na mimi mwenyewe, halafu na wewe mpiga picha mwenzangu, halafu na wale wanaotulipa. Nasema hivi: kupiga picha za watu, mtu mmoja mmoja, ameketi, anajua anapigwa, anakutazama machoni, kisha anaondoka na nakala yake mkononi, si kazi ya walioshindwa kupiga picha "za maana". Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Na sisi tunaopiga picha Tana River tunadaiwa.

Nilikulia Garsen. Usiniulize kabila, maana hilo ndilo swali ambalo kila mgeni mwenye kamera alituuliza mwaka 2012. Agosti mwaka huo watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa kwa siku moja, wengi wao akina mama na watoto. Kufikia Desemba, baada ya Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao, waliokufa walikuwa wamepita 100. Mimi nilikuwa darasa la saba. Magari ya waandishi yalipita Minjila vumbi nyuma, na sitadanganya, kilichonivutia mimi ni zile kamera. Nilitamani kushika moja. Baadaye nikaziona picha zenyewe kwenye magazeti ya dukani. Nyingi nilizoziona zilikuwa na maelezo ya namna moja: kabila la mtu, kijiji chake, idadi ya maiti. Majina yalikuwa ya wakubwa waliokuja kwa helikopta. Tuliokuwa tunawajua watu wale tulisoma juu, tukasoma chini, tukafunga gazeti.

Mwaka huohuo wa 2012, delta yetu iliingia kwenye orodha ya Ramsar, yaani ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Ndege wetu, viboko wetu, samaki wetu wakapata hadhi. Ukiufuata mto kwenda juu kuna hifadhi iliyotengwa mwaka 1976 kwa ajili ya jamii mbili za nyani, mmoja wao akiwa mbega mwekundu wa Tana, ambaye hapatikani kwingine kokote duniani. Wapiga picha husafiri kutoka mbali kumfuata. Na wakimpata, maelezo ya picha humpa jina la Kiingereza, na chini yake la Kilatini kwa herufi za mlazo: Piliocolobus rufomitratus. Yule mama aliyewapikia chakula, akatokea kwenye picha nyingine akiwa amebeba kuni, ni "mwanakijiji".

Sina ugomvi na mbega. Mbega hana kosa. Mimi nauliza tu: kama tunaweza kuandika Kilatini bila kukosea herufi, tunashindwaje kuuliza, "Mama, unaitwa nani?"

Utasema ninawatupia wageni lawama. Subiri, sasa niko kwangu.

Nilianza na simu mwaka 2017. Picha za harusi, mahafali ya chekechea, wagombea udiwani waliotaka waonekane wakisalimia wazee. Nikapata kamera ya mtumba kutoka Mombasa, lenzi moja, betri mbili, moja imechoka. Watu walikuja kwangu kwa picha za pasipoti za fomu za basari na za kazi. Nilikuwa naona aibu na picha zile. Niliziita picha za njaa. Ndoto yangu ilikuwa kazi za mashirika. Zilipokuja, nikanunua ile fulana yenye mifuko mingi, hata sikuwa na vitu vya kujaza mifuko. Siku moja ya shirika ilinipa pesa kuliko picha za pasipoti za miezi miwili. Wewe ungekataa? Mimi sikukataa.

Maelekezo ya kazi yalikuja kwa barua pepe. Nitakupa yaliyomo kwa maneno yangu. Maji yaonekane. Watoto wawepo. Nembo ya shirika isikatwe. Mtu asicheke.

Asicheke! Ukweli ni kwamba Garsen watu hucheka wakati wa mafuriko. Utamsikia mama juu ya mtumbwi akisema mwaka huu samaki wamemfuata hadi jikoni, hana haja ya kwenda soko. Sisi maji tunayajua. Mkulima wa hapa hupanda mpunga na mahindi kwenye unyevu ambao mto umeuacha ukirudi nyuma. Mafuriko madogo ni shamba, mafuriko makubwa ni msiba, na mara nyingi yote mawili huja na maji yaleyale. Mtu anayeishi na jambo kama hilo ana sura nyingi kwa siku moja. Sisi tuliotumwa tulichukua moja na kufuta nyingine. Nilifuta vicheko kwa mkono wangu, nikiwa nimeketi gesti Garsen, nikitumia waifai.

Na ridhaa? Ipo, tena kwa karatasi. Fomu ya Kiingereza, mistari midogo, mahali pa kuweka kidole gumba. Watu walikuwa kwenye foleni ya unga. Nani kwenye foleni ya unga atamwuliza mwenye unga, "Na picha yangu mnaipeleka wapi?" Nyanya yule aliweka kidole. Mimi ndiye niliyeshika kile kibweta cha wino.

Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliupiga faini ya shilingi 1,850,000 ukumbi mmoja wa burudani Nairobi kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Siku zilezile shule moja ikapigwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Nilisoma habari hiyo nikafurahi sana. Miezi miwili baadaye nikapanda mtumbwi na kamera yangu. Mteja wa klabu uso wake una bei. Mwanafunzi wa Nairobi uso wake una bei. Mtoto wa Idsowe aliyepakatwa juu ya godoro lililolowa, uso wake nilipewa bure, na sheria ni ileile.

Nisionekane kama Tana River ndiyo peke yake. Mwaka 1984 mpiga picha Mmarekani, Steve McCurry, alimpiga picha msichana wa Kiafghanistan katika kambi ya wakimbizi Pakistan. Juni 1985 akawa jalada la National Geographic. Dunia nzima iliyajua macho yale ya kijani. Jina lake, Sharbat Gula, dunia ililijua mwaka 2002. Miaka 17 yule mtu alikuwa maarufu na hakuna aliyejua aitwe nani. Watu husema ile ni picha bora ya sura iliyowahi kupigwa. Mimi nasema ilikuwa nusu ya kazi, nusu ya pili ikachelewa miaka 17.

Sasa nisikie upinzani, maana najua upo. Rafiki yangu mmoja, mpiga picha mzuri kuniliko, aliniambia hivi: "Wewe ukikaa chini ya mti unapiga watu wamevaa nguo za Idi, nani ataonyesha maafa? Mohamed Amin angefanya kama wewe, Ethiopia wangekufa wangapi?"

Ni hoja nzito, sitaikwepa. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alipeleka kamera yake Korem Oktoba 1984, na picha zile ziliitoa dunia usingizini. Chakula kilifika kwa sababu ya kazi yake. Aliendelea kufanya kazi hata baada ya kupoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991, mpaka alipokufa kwenye ndege iliyotekwa nyara mwaka 1996. Mtu kama huyo humkejeli. Lakini angalia vizuri: Amin alikwenda kuonyesha jambo ambalo wenye mamlaka walikuwa wanalificha. Mafuriko ya Tana hayajafichwa na mtu. Yalikuja 2018, yakaja 2023, yakaja 2024. Kila mara droni ziko juu, kila mara paa lilelile katikati ya maji, kila mara mtumbwi uleule. Baada ya picha hizo zote, barabara bado inakatika palepale. Kwa hiyo usiniambie tunapiga ili dunia ijue. Dunia inajua. Tunapiga kwa sababu picha hiyo ina mnunuzi.

Sisemi maafa yasipigwe. Nasema mtu aliye ndani ya maafa apigwe kama mtu. Tena haigharimu kitu: dakika mbili, jina, na kumgeuzia kamera aone.

Upinzani wa pili ni wa kisanii, na huu unaniudhi zaidi. Ati picha ya mtu aliyeketi mbele ya pazia ni kazi ya studio, si sanaa. Hebu rudi nyumbani kwanza. Lamu palikuwa na Omar Said Bakor, aliyekata nyuso na kuzipachika ndani ya maua na herufi, akatengeneza vitu ambavyo leo wasomi wa Ulaya wameviandikia vitabu. Mombasa palikuwa na studio ya Parekh, ambamo vijana wa pwani waliingia wamepigwa pasi wakatoka wamekuwa nyota wa sinema. Hapo kivukoni Likoni, miaka ya tisini, wapiga picha walisimamisha mapazia yenye meli na ndege na maua ya plastiki, na mtu aliyekuja mjini kutafuta kibarua alituma kwao picha inayomwonyesha yuko vizuri. Vurugu za 1997 zilipozuka Likoni, wengi wao walikimbia. Na huko Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948 kwa ajili ya majirani zake, na leo picha zake ziko ndani ya makumbusho makubwa ya dunia.

Unaona wanachofanana? Kote huko, anayepigwa picha ndiye bosi. Kaja kwa miguu yake, kachagua nguo, kalipa, kaondoka na picha. Mpiga picha asipompendeza, harudi. Kwenye kazi zangu za mafuriko bosi alikuwa mtu aliyeko ofisini, na nyanya alikuwa bidhaa. Unaweza kuipamba hiyo kwa maneno yoyote unayotaka.

Kwa hivyo tangu katikati ya 2024 nimejifunga kwenye picha za watu. Nina shuka la buluu, kamba, na mwembe wenye kivuli kizuri saa kumi jioni. Nina printa ndogo inayokula umeme wa betri ya sola, naibeba kwa bodaboda. Siku za soko niko Garsen, siku nyingine Tarasaa, Ngao, Hewani, Minjila. Picha moja ni shilingi 150. Karatasi na wino hula kama 50. Siku nzuri napiga watu 20. Piga hesabu mwenyewe: sijatajirika. Lakini silali na deni.

Mbele ya shuka lile wameketi Wapokomo, Waorma, Wawardei, Wabajuni, Wagiriama. Shuka moja, mwanga mmoja. Usianze kuniandikia kwamba ninaleta amani. Sijawahi kuona shuka likizuia mkuki. Ninachojua ni kwamba nyuma ya kila picha naandika jina kama mwenyewe anavyolitamka, na kabila siandiki. Hakuna aliyenidai kabila bado.

Wengine hukataa, na kukataa kwao kumenifundisha kazi. Mzee mmoja wa Kiorma alisimama pembeni karibu saa nzima, bakora mkononi, akinitazama. Mwisho akaniita.

"Mwanangu, picha yangu utaipeleka wapi?"

"Nitakupa wewe, mzee."

"Na nyingine?"

"Hakuna nyingine, mpaka uniruhusu."

Akafikiri kidogo. "Basi ngoja nikavae kofia."

Alirudi baada ya dakika arubaini na kofia, kanzu iliyopigwa pasi na mjukuu. Nilimpiga picha mbili tu. Hakuhitaji zaidi.

Mama mmoja alitaka picha ya kumtumia binti yake anayefanya kazi za nyumbani Saudia. Alitaka binti aone uso wa mama yake, nywele zimesukwa, bila mtandio, kama anavyomwona nyumbani. Lakini hakutaka mwanamume mwingine aione, na mimi, alisema, sihesabiki maana ni kama daktari. Tulikwenda ndani kwake, shangazi yake ameketi mlangoni. Nikapiga, nikachapa, nikaihamishia kwenye simu yake, kisha nikafuta kwenye kadi yeye akiangalia. Akaniambia nimwonyeshe tena kwamba imefutika. Nikamwonyesha. Ile ndiyo picha bora niliyowahi kupiga, na huwezi kuiona. Haiko kwenye ukurasa wangu, haitaingia kwenye shindano, haitaniletea kazi. Ilikwisha kufanya kazi yake jioni ileile.

Bado mashirika hunipigia. Siwakatai, nina kodi ya kulipa. Lakini sasa nina masharti matatu. Kila mtu aulizwe jina, na yeye ndiye aamue kama litaandikwa. Kila aliyepigwa apate nakala ya karatasi ndani ya wiki, kwa gharama ya shirika. Na yeye achague ni ipi kati ya picha zake itakayotumika, akielezwa kwa lugha anayoielewa, si akiwa kwenye foleni. Kazi mbili nimezikosa kwa sababu ya masharti hayo. Moja wamekubali, wakaniambia hata picha zenyewe zimekuwa bora. Kumbe!

Kwako mpiga picha kijana, uliye Nairobi, Mombasa au Kisumu, unayesoma haya kwenye simu: mvua za mwezi wa kumi na moja zikija utaona Garsen kwenye habari, na utapata hamu ya kupanda basi. Njoo, karibu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tumepokea wageni wengi wenye kamera na bado tunangoja kupona. Ukija, beba printa. Kama huna printa, beba pesa ya kuchapia mjini na uirudishe picha kwa wenyewe. Kama huna hiyo pia, kaa kwenu upige picha jirani yako. Yeye pia siku moja atahitaji picha ya juu ya jeneza.

Yule kijana aliyenipigia simu tulikutana baada ya mazishi. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. Aliniomba kitu kimoja: nyanya atolewe kwenye bango. Nikawaandikia. Wakanijibu kwa adabu kabisa kwamba fomu ipo, kidole kipo, na picha itaendelea kutumika mpaka mradi uishe.

Siku ile niliwapiga picha wote waliobaki pale nyumbani, mmoja mmoja, bure, kijana akiandika majina kwenye daftari la shule. Nyuma ya picha ya kitambulisho iliyokuzwa aliandika pia jina la nyanya, yote matatu. Mimi ninalo. Niliomba familia ruhusa ya kulitaja hapa ili makala hii isiwe na kosa lilelile inalolikemea. Wakakaa, wakajadiliana, wakaniambia la, nyanya ameshazungushwa vya kutosha.

Basi ni la.